Kijembe si tusi: Mwamuzi wa malumbano ajue anachokizima

MIAKA kadhaa iliyopita nilialikwa Amu kuwa mwamuzi mkuu katika usiku wa malumbano ya ushairi. Viti vilipangwa Mkunguni, mbele ya Ngome, na watu walijaa hadi vichochoroni. Walioingia fainali walikuwa wawili: binti wa Langoni na kijana wa Mkomani. Kila mmoja alikuwa na zamu tatu. Mimi nilikuwa na kengele.

Katika zamu yake ya pili, binti alileta fumbo la nyumba iliyouziwa mgeni. Mlango wa nakshi ukasafirishwa ng'ambo, mwenye nyumba akabaki anabisha hodi ukutani. Uwanja uliguna, kisha ukacheka. Mimi si mwenyeji wa Amu, kwa hivyo nilichelewa kuelewa. Mwenzangu wa jopo akaninong'oneza kwamba inayosemwa ni familia ya yule kijana, na kwamba habari ya nyumba hiyo ni kidonda ambacho bado hakijafunga. Basi nikagonga kengele. Nikatangaza kuwa shindano halivumilii matusi, nikamnyima binti alama za zamu ile, na ili mambo yasizidi, nikafuta zamu zote zilizobaki. Usiku huo nililala nikijipongeza kwamba nimeepusha fitina.

Asubuhi mzee mmoja, aliyenizidi umri kwa miaka isiyopungua 20, aliniita nikiwa napita mbele ya daka lake. Nikaketi barazani, nikapewa kahawa. Hakuanza na habari ya shindano. Aliniuliza safari, akaniuliza watoto, kisha akasema:

"Mwanangu Profesa, jana umemnyamazisha nani?"

"Yule binti, mzee wangu. Alivuka mpaka."

"La. Binti alikuwa ashamaliza. Neno limetoka, mji mzima umelisikia. Uliyemnyamazisha ni kijana. Umemuondolea mahali pa kujibia."

Sikuwa na la kusema. Na kweli, kabla ya adhuhuri maneno yalikuwa yamehamia mitaani, sasa bila vina wala mizani, bila zamu na bila kengele. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mzee yule, ingawa nimechelewa.

Swali lenyewe linahusu kila anayekabidhiwa kipaza sauti au kengele: mwenyekiti wa mkutano wa mtaa, mwalimu anayesimamia mdahalo, mhariri wa ukurasa wa mashairi, mtangazaji anayepokea simu za wasikilizaji. Anayesimamia mazungumzo ya watu awe mkali kiasi gani? Wenzangu katika taaluma wamegawanyika. Wapo wanaosema kila neno linaloumiza likatwe, kwa kuwa mazungumzo bila heshima ni ugomvi tu. Wapo wanaosema msimamizi akae pembeni, hadhira ni watu wazima, itapima yenyewe. Pande zote mbili zinauliza ukali uwe mwingi au mchache. Hazijauliza ukali huo unaelekezwa kwa neno la aina gani. Na hapo ndipo lugha yenyewe inapoweza kutusaidia.

Kiswahili hakina jina moja la neno linaloumiza. Kina ngazi nzima. Kuna utani, ambao una ruhusa: anayetaniwa anajua anataniwa, naye ana haki ya kurudisha. Kuna fumbo, ambalo halitaji jina na humwachia mlengwa hiari ya kulipokea au kulipita. Kuna kijembe, ambacho ni kikali kuliko fumbo kwa sababu mlengwa anajulikana, lakini bado kinapita kwenye tamathali, na ustadi wake ndio unaopigiwa makofi. Kuna kashfa, yaani kuanika jambo la mtu lililo nyuma ya pazia, liwe la kweli au la uongo. Kuna tusi, ambalo halina hoja ndani yake. Linamdhalilisha mtu kwa mwili wake, mzazi wake au nasaba yake, basi. Na kuna uchochezi, ambao haumsemi mtu tu bali unawaambia wengine wamfanyie jambo.

Maneno sita, mambo sita. Mwamuzi anayeyaita yote "matusi" ni sawa na tabibu anayeita kila homa malaria. Ndivyo nilivyofanya Mkunguni. Binti alileta fumbo. Hakutaja jina, hakutaja mtaa, hakutaja mwaka. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Nami nililitambua kwa kunong'onezewa, kisha nikaliadhibu kama tusi. Isitoshe, kengele yangu ndiyo iliyothibitisha kwa kila aliyekuwapo kwamba fumbo lile lilikuwa na mwenyewe. Kabla sijagonga, kijana aliweza kucheka pamoja na uwanja na kujifanya halimhusu. Nilipogonga, mlango huo ukafungwa.

Waswahili wa mwambao huu hawakuanza jana kusemana kwa tungo. Kabla ya Vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata 1813 baina ya Amu kwa upande mmoja na Mombasa ya Mazrui pamoja na Pate kwa upande wa pili, washairi walikuwa wamekwisha kupambana. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji. Amu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi kwa pamoja. Tungo zilivuka bahari, zikajibiwa, zikavuka tena. Nisidanganye hapa kwa kupamba mambo ya kale: majibizano yale hayakuzuia vita. Tungo nyingine zilikuwa za kuwatia watu ari wapigane, na watu walipigana, na Amu ikashinda. Anayedai kwamba ushairi peke yake hupoza nyoyo aende Shela akaulize mchanga.

Ila tungo zile zinatufunza jambo lingine. Tunaweza leo kujua nini kiligombewa, nani alidai nini, na upande wa pili ulijibu vipi, kwa sababu kauli za wakali zilihifadhiwa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizikusanya tungo za Muyaka katika karne ya 19 akishirikiana na mmishonari William Taylor, na diwani yake ikachapishwa 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Tuseme Mwalimu Sikujua angeamua kufuta kila ubeti uliomchoma mtu wa Amu. Tungebaki na Muyaka mpole asiyekuwako, na ugomvi wa kihistoria usio na sababu.

Karibu zaidi na zama zetu kuna Kimondo, au Kimwondo kama wasemavyo Waamu. Hili ni jina la malumbano ya tungo yaliyoibuka Lamu wakati wa kinyang'anyiro cha ubunge cha 1974 na 1975. Wafuasi wa wagombea walitungiana, tungo zikarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikasikilizwa majumbani na mabarazani. Wanaume walitunga na wanawake walitunga. Assibi Amidu, msomi kutoka Ghana, aliyafanyia utafiti na kuyaandikia kitabu kizima kilichotoka 1990, na ni kwa juhudi kama hizo kwamba mwanafunzi wa leo anaweza kuyasoma.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Katika imani ya Kiislamu, vimondo ni makombora ya moto ambayo mashetani hupigwa nayo. Sura ya Al-Mulk inagusia jambo hilo. Kwa hivyo anayeiita tungo yake kimondo ameshamhukumu mpinzani wake kabla ya ubeti wa kwanza. Hilo ni kali kuliko fumbo la nyumba iliyouzwa. Lakini jina hilo lina mtego wake, kwa maana upande wa pili nao uliweza kutunga. Kaseti haikuwa na mhariri, ila ilikuwa na upande A na upande B, na aliyepigwa kimondo leo aliweza kurusha chake kesho. Hakuna mtu mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kuamua nani shetani.

Sisemi Kimondo kilikuwa salama. Uchaguzi ulipita na majirani waliendelea kuishi wakitazamana madirishani. Maneno ya kaseti hayaozi upesi. Ninachosema ni kwamba malumbano yale yalikuwa na ulinzi wa aina yake: haki ya kujibu, lugha ya tamathali iliyomlazimisha mwenye hasira kufikiri kabla ya kusema, na jamii ndogo ambamo kila mtunzi alijua atakutana na mlengwa wake msikitini au gatini. Mkali wa ulimi alilipa kwa jina lake mwenyewe.

Sasa tuitazame hali ya mashindano yetu ya leo, ambayo mimi ni mmoja wa walioyaharibu. Tumerithi kutoka kwa Kaluta Amri Abedi kitabu muhimu, Sheria za Kutunga Mashairi, cha 1954. Neno "sheria" lilikuwa limeshatangulia. Tangu hapo tumezoea kumpa mwamuzi kazi ya kuhesabu: vina vimelingana, mizani ni 8 kwa 8, kituo kipo. Shairi linalomvua mtu nguo hupita maadamu mizani yake imetimia, na shairi lenye hoja nzito huanguka kwa kupungukiwa na silabi mbili. Yaani tumekuwa wakali pasipohitaji ukali. Kisha pale panapohitaji akili, kwenye kupima neno na uzito wake, tunakimbilia kengele.

Fauka ya hayo, shule zetu zimelelewa na ngonjera. Mathias Mnyampala aliikuza bahari hii na kuieneza kupitia vitabu vyake vya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sina ugomvi naye. Lakini ngonjera ina mazoea ya kumalizika kwa upande mmoja kukubali: mjinga anaelimika, mkaidi anaomba radhi, wote wanashikana mikono. Maafikiano yameandikwa kabla ya jukwaa kuwashwa taa. Mwanafunzi aliyelelewa na ngonjera pekee akikutana na majibizano ya kweli, ambayo mwisho wake haujulikani, hudhani pametokea uvunjaji wa adabu. Mwalimu wake hudhani vivyo hivyo.

Mlinganishe na "Mnazi: Vuta N'kuvute", shairi lililomo katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Humo ndugu wawili, Badi na Alii, wanagombea mnazi, kila mmoja na hoja zake, kila mmoja na zamu yake. Mtunzi hakumziba mdomo hata yule ambaye msomaji anaweza kumwona mdhalimu. Alimwacha aseme mpaka dhuluma ijidhihirishe kwa kauli yake mwenyewe. Na tusisahau mahali tungo za diwani ile zilikotungwa. Abdilatif alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa ajili ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi. Mwenye kengele wa wakati ule, yaani dola, aliliona swali akaliita uchochezi. Alipanda ngazi tano kwa hatua moja. Mtu aliyenyimwa zamu kwa namna ile ndiye aliyetutungia mojawapo ya mifano bora ya kumpa mpinzani zamu.

Najua nitajibiwa nini. Wataniambia: Profesa, hii si Lamu ya kaseti. Ni kaunti ambako Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na viunga vyake, ambako ardhi, dini na asili ya mtu vimeshatumiwa kuwagawa majirani. Ni nchi iliyoona damu baada ya uchaguzi wa 2007, ikalazimika kutunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ili kudhibiti matamshi ya chuki. Neno dogo hapa linaweza kuwa kiberiti.

Hoja hiyo naikubali, tena bila masharti, pale linapohusika neno la ngazi ya sita. Mtunzi akisimama na kusema watu wa asili fulani wafukuzwe, wasiuziwe, wasiozeshwe au waguswe, hakuna haki ya kujibu itakayofaa, kwa kuwa jibu la uchochezi aghalabu halitolewi kwa ubeti. Hapo kengele ilie mara moja na kipaza sauti kizimwe. Lakini hata Katiba yetu ya 2010 haikuchanganya ngazi. Kifungu cha 33 kinaondoa kabisa katika uhuru wa kujieleza uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kisha, kwa ibara ya peke yake, kinamtaka anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Ni mambo mawili yaliyopewa uzito tofauti. Ikiwa mawakili waliweza kutofautisha, sisi watu wa lugha tuna udhuru gani?

Tena hofu ya ngazi ya sita ndiyo inayotumiwa kuzima ngazi ya pili. Yule binti wa Langoni alikuwa anasema jambo ambalo Amu nzima inalisema kwa sauti ya chini: nyumba za mawe zinauzwa, wenyewe wanahamia pembezoni, na mji uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2001 unabaki na kuta bila watu wake. Hilo si suala la familia moja. Lingepewa zamu ya tatu, pengine kijana angejibu kwamba nyumba iliuzwa ili mgonjwa atibiwe, au kwamba warithi walikuwa kumi na chumba ni kimoja, au kwamba walionunua si wageni peke yao. Tungepata mjadala kuhusu urithi, umaskini na bei ya ardhi, kwa vina. Badala yake tulipata umbea.

Kwa hivyo, anayekabidhiwa kengele afanye nini? Nimejiwekea mambo manne, nayaweka hapa ili nami nisahihishwe.

Kwanza, alitaje neno kwa jina lake kabla ya kulihukumu. Hili ni fumbo, hiki ni kijembe, hii ni kashfa. Akishindwa kulitaja, asigonge.

Pili, utani, fumbo na kijembe viachwe, na mlengwa apewe zamu. Kashfa isimamishwe palepale ilipofika, lakini aliyekashifiwa aulizwe kama anataka kujibu, na akitaka, apewe nafasi isiyopungua ya mwenzake. Tusi likatwe na mtunzi aambiwe arudi na hoja. Uchochezi uzimwe, na hapo mashindano yasimame.

Tatu, mwamuzi asiwe wa upande wowote, ila asiwe pia mgeni asiyejua kinachosemwa. Mimi nilialikwa kwa kuwa si wa Langoni wala Mkomani, na hilo lilikuwa jema. Ubaya ni kwamba nilikuwa nategemea sikio la mtu mwingine, na sikio hilo nalo lilikuwa na mtaa wake. Jopo lenye mwenyeji wa kila upande na mgeni mmoja katikati lingeniokoa.

Nne, kilichokatwa jukwaani kisifutwe kwenye kumbukumbu. Kuzuia neno lisiendelee kuumiza usiku huu ni jambo moja. Kuliondoa lisijulikane kuwa lilisemwa ni jambo lingine. Wajukuu wana haki ya kujua tuligombana kwa lipi, kama sisi tulivyojua ya Muyaka na Zahidi.

Ukiyatazama haya manne utaona kuwa sikuomba mwamuzi mpole. Naomba mwamuzi mkali kuliko nilivyokuwa, ambaye ukali wake anauanzia kwake mwenyewe: asikie vizuri, apime, ndipo aunyanyue mkono. Kengele ni nyepesi sana mkononi, na hilo ndilo linalotuponza.

Mwaka uliofuata nilirudi Amu kwa shughuli nyingine, nikamtafuta yule kijana. Nilimkuta gatini akipakua mizigo. Nilimwomba radhi, nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa kwa maneno machache zaidi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Hapana neno, Mwalimu," akasema. "Jibu langu ninalo bado. Ni beti saba."

Nikamwomba anisomee. Akatikisa kichwa. Jibu lile halikutungwa kwa ajili yangu, akaniambia. Lilitungwa kwa ajili ya uwanja. Nami bado nadaiwa uwanja.